Mwindaji Anayeshusha Bunduki

Wakati wa likizo ya Julai, sisi mafrateri watatu tulipangiwa kufanya uchungaji katika parokia moja ya Wilaya ya Rungwe, upande unaopakana na msitu wa mlima. Jumapili moja palikuwa na jubilei ya ndoa ya wazee wa kigango. Baada ya Misa tuliketishwa meza ya mbele. Kulikuwa na ndizi, maharage, wali, maziwa ya mgando, na bakuli moja lililofunikwa ambalo mama mwenye nyumba alilileta mwenyewe kwa mikono miwili, akapiga goti, akaliweka mbele yetu. Ilikuwa nyama ya porini. Tulikula, tukasifu, tukaongezewa. Hakuna kati yetu aliyeuliza imetoka wapi.

Jioni, tulipokuwa tukisaidia kukusanya vyombo, tulimwona mbwa nyuma ya jiko akitafuna mguu mwembamba wenye kwato. Juu kidogo ya kwato ngozi ilikuwa imekatwa mduara mzima, na alama ya waya ilikuwa imezama mpaka mfupani. Mnyama yule hakuwa amekufa kwa risasi. Alinaswa, akavutana na waya usiku mmoja au siku mbili, na ndipo mtu akafika.

Siku iliyofuata tulimsimulia mzee mmoja, jirani wa parokia. Yeye ni Mmoraviani, kama walivyo wengi huku ambako Wamoraviani walifika mwaka 1891, ila hupenda kuja kuota jua kwenye baraza la nyumba ya mapadri na kubishana na Baba Paroko juu ya Bikira Maria. Ujanani alikuwa na gobole, akilinda mahindi na viazi visiliwe na nguruwe pori, na mara mojamoja, anakiri mwenyewe, alivuka mpaka wa shamba akaingia msituni. Gobole alilisalimisha serikalini miaka mingi iliyopita. Tulidhani atatuambia habari za wanyama aliowaua. Zile alizipitia haraka. Aliyemkalia kwa muda mrefu, mpaka chai ikapoa, ni mnyama ambaye hakumuua.

Ilikuwa Aprili, jioni, ukungu umeshuka. Minde alitoka kwenye vichaka vya ukingo wa msitu akasimama. Wasiomjua minde wafikirie paa wa msituni, lakini mkubwa, mwenye manyoya meusi yanayoelekea kahawia, na shungi la nywele nyekundu kati ya pembe zake fupi. Hutembea peke yake na hupenda usiku, hivyo mtu anaweza kuishi kando ya mlima miaka hamsini asimwone. Hapatikani nje ya Tanzania, na hata hapa nchini anaishi katika misitu michache tu ya milimani. Yule alisimama umbali wa kutoka barazani mpaka kwenye mparachichi tuliokuwa tukiutazama. Mzee alilenga. Kisha akashusha.

“Kwa nini, baba?” tulimuuliza.

Alianza na sababu ndogo. Minde alikuwa amempa mgongo, kichwa upande wa msitu. Ukimpiga mnyama kwa nyuma, marisasi huingia tumboni. Hafi pale, anakimbia na utumbo ukining'inia, anakwenda kufia mahali ambapo atamfaa fisi tu. Halafu ilikuwa Aprili. Nani asiyeijua Aprili ya Tukuyu? Mvua huku huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka miezi hiyo. Mwindaji wa nchi kavu anaweza kufuata damu kesho yake. Wa Rungwe akimjeruhi mnyama saa kumi na mbili jioni, saa moja damu imeshaoshwa. “Mvua inakunyang'anya mnyama, lakini dhambi inakuachia,” alisema.

Sababu nyingine ilikuwa ng'ambo ya minde. Kulikuwa na njia ya watu wanaorudi kutoka shambani, na kwa ukungu ule hakuwa na hakika kwamba hakuna mtu. Risasi haijui kusimama pale ulipotaka isimame. Alitutajia, bila jina, kijana aliyempiga shemeji yake akidhani ni nguruwe.

Tena, huenda alikuwa jike. Kwa minde, dume na jike wote wana pembe, na katika mwanga ule hakuweza kujua kama kuna mtoto aliyelazwa kwenye majani nyuma yake. Watoto wa wanyama hawa hujificha wakimngoja mama. Mama asiporudi, mtoto hatoki kwenda kumtafuta. Hubaki palepale amelala.

Tulimuuliza kama hizo ndizo sababu zote. Alicheka. Akasema mwaka uliotangulia alimpiga mbawala vibaya, akamfuata siku mbili mpaka Isongole bila kumpata, na tangu hapo alipokuwa akilenga alimwona yule mbawala kwanza. Kisha akaongeza jambo ambalo tumebaki nalo: kwamba minde aligeuza kichwa akamtazama, na yeye akaona ameshampata. Hakuhitaji tena kumpiga ili ajue kwamba angeweza.

Tumeamua kuandika habari hii kwa sababu katika mahubiri yetu, katika semina za mazingira za vijana, na hata katika vipindi vya maadili darasani, mwindaji huingizwa mlango mmoja na jangili. Tunasema “wawindaji wanamaliza wanyama”, tunasoma kifungu cha Laudato Si', tunapanda miti mitano na kupiga picha. Hatuulizi ni nani hasa, kati ya watu wa kando ya msitu, anayejua kwa mwili wake kwamba kuna wakati wa kutopiga. Sisi tunaona huyo mwindaji, licha ya makosa yake, anashika kitu ambacho waya umekipoteza, na tusipokitaja tutaendelea kuhubiri kuhusu msitu bila kugusa jambo lenyewe.

Tuseme wazi ili tusieleweke vibaya. Hatumtetei mtu anayeingia msituni leo na gobole. Msitu wa Mlima Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2009, na kuwinda humo ni kosa. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, ambayo nje ya hifadhi pia inadai leseni, na inakataza njia kama sumu, mashimo na mitego ya kunasa. Kanisa lenyewe halikuwa mbali na tahadhari hizi: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka makleri wasijizoeze uwindaji, na ule wa kelele, wenye mbwa na mapembe, wasiufanye kamwe. (Baadhi ya wenzetu wanaofurahia kusimulia jinsi walivyofukuza sungura kijijini wakati wa likizo wangefaa kukisoma kifungu hicho, ingawa hakimo tena katika sheria ya sasa.) Lakini sheria hukuambia usipige nini na usipigie wapi. Haikufundishi kushusha bunduki pale ambapo hakuna askari, hakuna shahidi, na nyama iko mbele yako.

Hapa ndipo falsafa tunayosoma ilipotusaidia, na tunakiri hatukuwa tumeielewa mpaka siku hiyo barazani. Katika mafundisho yake juu ya matendo ya kibinadamu, Mtakatifu Thoma wa Akwino anauliza kama kitu kinaweza kuwa cha hiari bila tendo lolote. Wengi wetu tulipokutana na swali hilo tuliliona ni la kujaza mtihani. Jibu lake ni kwamba inawezekana, na mfano anaoutoa ni wa nahodha: chombo kikizama kwa sababu nahodha aliacha kukiongoza, kuzama kule ni kwake, maana aliweza na alipaswa kuongoza. Sisi tunaugeuza mfano huo upande wa pili. Ikiwa kuacha kunaweza kuwa kosa langu kweli, basi kuacha kunaweza pia kuwa wema wangu kweli. Mzee yule hakuwa “hakufanya kitu”. Alipima pembe ya mwili wa mnyama, mwanga, njia iliyo nyuma, mvua, uwezekano wa mtoto, na kumbukumbu ya mbawala wa mwaka jana. Na baada ya yote hayo utashi wake ukasema hapana. Ni tendo zima la busara, limekamilika, ila halina mlio.

Mtu anayetazama kutoka mbali angeona mwoga. Tena vijana wa enzi zake walimwona hivyo. Aliporudi mikono mitupu alichekwa, na hakuwa na cha kuwaonyesha, kwa sababu anayeua ana mzoga kama ushahidi na aliyeacha ana neno lake tu. Huenda ndiyo maana habari za kuacha hazisimuliwi. Hata Biblia, iliyojaa mapigano, inaona haja ya kutupa ushahidi wa nguo: Daudi alipomkuta Sauli pangoni Engedi akamwacha hai, alikata upindo wa vazi lake, bila hivyo nani angemsadiki?

Sasa tuutazame waya.

Nyaya zinazotumika huku ni za breki za baiskeli, au nyuzi zilizofumuliwa kutoka kamba za chuma. Mtu hufunga kitanzi, hukitega kwenye njia ya wanyama, hufunga mwisho mwingine kwenye mti mchanga uliopindwa, kisha huenda zake. Anaweza kutega ishirini kwa asubuhi moja. Atarudi kesho, au keshokutwa, au akiugua malaria hatarudi kabisa, na mtego utaendelea kufanya kazi bila yeye. Hauulizi kama ni dume au jike. Hautazami nyuma kuna nini. Hauoni macho. Jike mwenye mimba, mtoto, mbwa wa jirani, minde aliyebaki peke yake bondeni, wote ni mguu tu kwa mtego.

Wapo wanaosema mtego ni wa maskini na bunduki ni ya tajiri, kwa hiyo kuulaani mtego ni kumlaani maskini. Tutarudi kwenye hoja hiyo, kwa maana ni nzito. Kwanza tuseme hili: mtega mitego hakosi dhamiri. Ana dhamiri kama sisi. Ila amechagua chombo kinachohakikisha kwamba dhamiri haitakuwepo saa inapohitajika. Saa ya mzee ilikuwa jioni ile, kidole kikiwa kwenye gobole. Saa ya mtega mitego haifiki kamwe, kwa sababu mnyama anapofika yeye amelala nyumbani. Kosa lake lipo asubuhi, katika kutega, na asubuhi hakuna mnyama wa kumtazama.

Mlima wetu una mfano wa jambo hili ambao ulimwengu wote uliusikia, lakini sisi wenyeji tumeusikia nusu. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja tumbili mwenye haya, mwenye manyoya marefu na shungi kichwani, aitwaye kipunji. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Nyanda za Juu Kusini walisikia habari hizo, na mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao katika msitu wa Rungwe na Livingstone. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za wenzao, likamwona Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 walimtangaza pamoja katika jarida la Science: Trevor Jones, Tim Davenport, na wenzao, wakiwemo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Kwa desturi ya sayansi, anayetangaza aina mpya ya mnyama anapaswa kuweka mfano wake kwenye makumbusho, yaani mnyama aliyekufa, ngozi na fuvu, ili wengine waje kulinganisha. Kwa miaka mingi jambo hilo lilimaanisha kupiga risasi. Hawa hawakumpiga kipunji. Walijua ni wachache mno, wakatangaza jina kwa kutumia picha. Walilaumiwa. Wanasayansi wengine waliandika kupinga, wakihoji kama jina lisilo na mzoga linaweza kusimama. Kwa lugha ya mzee wetu, walichekwa kwa kurudi mikono mitupu.

Miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 2005, kipunji dume ambaye hakuwa amekomaa alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi kando ya Mlima Rungwe. Huo ukawa mwili wa kwanza wa kipunji kufika mikononi mwa wataalamu, na sasa umehifadhiwa katika makumbusho ya Field Museum huko Chicago. Uchunguzi wa vinasaba vyake ulionyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani kuliko walivyodhani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya tumbili barani Afrika tangu mwaka 1923. Jina la mlima wetu limo ndani ya jina lile.

Hatutaki kuificha sehemu inayotusumbua. Mzoga ule ulifundisha ambacho picha hazikufundisha. Mtu anaweza kusema: basi mtego ulisaidia sayansi, na waliokataa kupiga walichelewesha tu. Tumelijadili jambo hili wenyewe kwa wenyewe bila kufikia mwisho, na mmoja wetu bado anashikilia kwamba mnyama mmoja kwa ajili ya elimu si gharama kubwa. Tunachokubaliana wote watatu ni tofauti ya namna. Wale watafiti walimtazama kipunji wakijua ni nani, wakaacha. Mtego ulimuua bila kujua ni nani. Hesabu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2008, ilikuta vipunji 1,117 tu duniani kote. Kwa idadi ya namna hiyo, kutojua hakuwezi kuitwa bahati mbaya ya kila siku.

Si watafiti peke yao wanaojua kuacha. Katika uwindaji wa kitalii, ambao watu wa Kanisa huuzungumzia kwa dharau (na sisi hatuushabikii), kanuni za Tanzania zinataka simba dume asipigwe kabla ya kufikisha miaka 6. Msingi wake ni utafiti wa Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao uliochapishwa mwaka 2004. Dume mwenye familia akiuawa akiwa kijana, madume wageni huingia na kuua watoto wake, kwa hiyo risasi moja huua wanne au watano. Ndiyo maana mwindaji bingwa hukaa na darubini akitazama pua ya simba, kwa kuwa pua huwa nyeusi zaidi kadiri umri unavyokwenda. Mteja amelipa maelfu ya dola, simba yuko pale, na bingwa anasema: huyu bado. Si utakatifu, pengine ni hofu ya faini tu. Lakini hata hofu ya faini inahitaji mtu awepo, atazame, na aweze kusema bado.

Torati ililijua hili mapema. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, mtu akikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, anakatazwa kumchukua mama pamoja na watoto. Amwache mama aende. Ni amri ndogo mno, ya njiani, kwa mtu mwenye njaa aliyekuta chakula cha bure. Mtakatifu Thoma anasema amri za namna hiyo zilikusudiwa kuwazoeza watu huruma, ili anayemhurumia mnyama awe mwepesi kumhurumia mwenzake. Tunamheshimu mwalimu wetu, ila hapa tunaona ameishia njiani. Anamfanya ndege awe shule ya mwanadamu. Baba Mtakatifu Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 anakwenda mbele zaidi: viumbe vina thamani yao wenyewe mbele ya Mungu, hata visipotufaa kitu. Katekisimu nayo, namba 2418, inasema ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu kuwatesa wanyama au kuwaua bila haja. Haikatazi nyama. Inauliza haja.

Na haja ndiyo hoja tuliyoahidi kuirudia. Ni rahisi kwa frateri anayekula milo mitatu kwa sadaka za waamini kumwambia baba mwenye watoto sita asitege. Kilo ya nyama ya ng'ombe ina bei yake, na waya wa breki ni wa kuokota. Tena kuna mahindi. Mkulima wa kando ya msitu analala shambani kuanzia mahindi yanapobeba, na usiku mmoja tu wa nguruwe pori au asubuhi moja ya tumbili huondoa ada ya shule. Yule kipunji wa 2005 alikufa katika shamba la mahindi. Aliyetega hakuwa akiwinda kipunji, alikuwa akilinda chakula. Anayehubiri bila kulisema hilo asitegemee kusikilizwa.

Hata hivyo tumeishi Rungwe kiasi cha kujua kwamba si kila waya ni wa njaa. Ardhi hii inatoa ndizi mwaka mzima, maharage, parachichi, chai. Na maziwa ya Rungwe yanauzwa mpaka Dar es Salaam. Bakuli lile la jubilei halikuwa la njaa. Lilikuwa la heshima. Watu wenye ng'ombe na kuku waliona kwamba kuku hatoshi kwa mafrateri, wakatafuta kitu kilicho nadra. Hapo hesabu inageuka vibaya sana kwetu: waya ulitegwa kwa sababu yetu. Hatukuutega sisi, lakini tulikuwa soko lake. Na kama kuacha kwa nahodha kunahesabiwa kwake, kutouliza kwetu mezani kunahesabiwa kwetu. Mzee alikuwa na gobole la kushusha. Sisi tulikuwa na uma.

Tunajua jinsi neno hili linavyoweza kupokelewa. Mama yule alisimama jikoni tangu alfajiri. Kukataa chakula cha mtu mbele ya wageni wake ni kumvua nguo, na hakuna kitabu cha maadili kitakachotuokoa na aibu hiyo. Tulimuuliza Baba Paroko. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema yeye mwenyewe amekula bakuli la namna ile kwa miaka kumi na miwili akijua, na kwamba Jumapili ya Mtakatifu Fransisko huhubiri juu ya utunzaji wa uumbaji. Hakusema zaidi ya hapo. Tulimheshimu kwa kutojitetea.

Kabla hatujaondoka tulikwenda kumuaga mzee. Tulimweleza kwamba tutarudi Desemba, na kwamba tunahofia bakuli litakuwepo tena, na hatujui tutaliambiaje hapana. Alishangaa kwamba tunasoma miaka yote hiyo na bado tunangoja mpaka liletwe mezani.

“Mnyama akishafika kwenye bakuli mmechelewa, wanangu,” alisema. “Nendeni kwa huyo mama wiki mbili kabla. Mwambieni mnatamani kuku.”

Kisha akatuuliza kama tunaweza kumletea miwani kutoka Mbeya, maana siku hizi akikaa barazani haoni vizuri ule mparachichi.